Mashemeji wa Afande

Kabla ya kupanda gari, Afande alilizunguka kwanza. Aliinama kwenye kila gurudumu, akachungulia uvunguni, akanyanyuka taratibu huku ameshika kiuno na kuyalaani magoti yake, ndipo akafungua mlango. Nilimwendesha miaka mingi kati ya Jinja na Mbale, huku kwetu Uganda, na sikumbuki safari ambayo aliiruka kazi hiyo, isipokuwa moja, nayo nitaifikia. Mvua ikinyesha alizunguka. Tukichelewa, na simu ya bwana mradi, mkubwa wetu wa kazi, inaita mfukoni, alizunguka vilevile. Mwanzoni niliudhika. Gari lililala uani kwangu Bugembe, nje kidogo ya Jinja, nililiosha mimi mwenyewe, sasa nani angekuwa ametia kitu chini yake?

"Dereva," aliniambia siku nilipomwuliza, "kitu naua mutu haiko mbele. Mbele wewe naona. Iko chini."

Tabia hiyo aliitoa jeshini, pamoja na koti la mvua lililomfika miguuni na desturi ya kula amesimama. Jina lake nalijua, na cheo alichostaafu nacho nakijua, lakini mtaa wake mzima wa Walukuba, Jinja, ulimwita Afande na sitakuwa mimi wa kumvua jina hilo. Alizaliwa lini, babu yake alikuwa nani, hayo wapo wanaoyajua kunishinda. Mimi nilimjua akiwa kiti cha kushoto, mguu mmoja juu ya kisanduku cha droni ili kisirukeruke kwenye mashimo ya barabara ya Tirinyi.

Kazi yetu ni rahisi kueleza. Juu ya Mbale kuna mlima, mlimani kuna msitu wa hifadhi, na ndani ya msitu ule kuna korongo refu ambamo lilibaki kundi moja la mbega, wale kima weusi wenye joho la manyoya meupe na mkia wa kishungi. Mabonde ya jirani walikuwa wamekwisha. Kilichowamaliza ni ngozi. Kila baada ya miaka miwili msimu wa tohara ya Wagisu, wenyeji wa mlima huo, unafika, vijana wanacheza barabarani na ngozi ya mbega kichwani, njuga mapajani, uso umepakwa unga, na msimu huo ngozi nzuri haikosi mnunuzi. Sasa mradi mmoja wa wafadhili ukaamua kwamba kundi lile la mwisho litalindwa kwa droni. Wakanunua mashine, wakakodi gari langu na mimi ndani yake, wakatafuta wa kuirusha. Vijana wa kompyuta walikuja wawili, wote wakaiangusha mtini. Mwisho wakamchukua Afande, ambaye baada ya jeshi alikuwa askari wa wanyamapori palepale mlimani. Alikuwa mzee kuliko wote waliofunzwa, ila mikono yake haikutetemeka.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Huku kwetu lugha hiyo, iliyokuwa ya askari wa vizuizini, ina historia yake. Watu wa makamo wakiisikia kwa sauti kubwa nyuma yao bado hupapasa mfuko kutafuta kitambulisho. Afande hakulijua hilo, au alijifanya hajui. Aliingia duka la vifaa pale Jinja mjini, la Singasinga mmoja mzee, akapaza sauti, "Jambo bwana! Leta sikurubu!" na wateja wote wakampisha njia. Singasinga peke yake ndiye aliyefurahi.

"Afande, hapa si kambi," alimjibu kila mara. "Hapa unalipa."

Wakacheka wote wawili, kisha yule mzee akavaa miwani na kumchagulia mwenyewe zile sikurubu ndogo za mapanga ya droni, huku Afande akimhimiza kama anayekagua gwaride.

Mkewe hakucheka. Alikuwa Muganda, na Kiswahili alikichukia tangu utotoni kwa mambo aliyoyaona kwa macho yake. Basi miaka yote ya ndoa yao mume alisema Kiswahili, mke akajibu Kiganda, na nyumba ikaenda. Sisi wengine tulimwita Mama. Mama alikuwa wa ukoo wa Ngeye, na ngeye ni huyu huyu mbega. Ndiye mwiko wao. Hawamli, hawamuui, wanamhesabu ndugu. Kwa hiyo kila Ijumaa nilipomrudisha Afande nyumbani, Mama alisimama mlangoni akijifuta mikono kwa kanga na kuuliza kwa Kiganda, "Ndugu zangu hawajambo?"

"Mashemeji nazima kabisa," Afande alijibu. "Nasalimia wewe. Nasema mimi sijamaliza mahari."

Utani huo haukuwachosha. Tulikuwa tukipita Iganga, barabara imejaa malori ya miwa, na ghafla mzee akasema, "Mashemeji yangu leo nakula nini?" nami nikamjibu kwamba wanakula mshahara wake. Alicheka kwa kifua kizima. Nilimpenda yule mzee, na sioni haya kusema.

Droni aliisemesha kama kuruta. "Panda! Panda! Geuka kulia! Nani naambia wewe kushuka?" Ikirudi salama aliifuta kwa kitambaa safi, panga moja moja, akaifunika kama mtoto aliyetoka kuoga. Siku moja wafadhili walikuja kututembelea na bwana mradi akamwomba tafadhali leo akae kimya. Akakaa kimya, na siku hiyo mashine ikajipiga kwenye tawi ikavunjika bawa. Bwana mradi alisema ni upepo. Mimi nilikuwa nimesimama pale na hata jani halikutikisika.

Kwa kuwa aliwatazama kutoka juu, Afande aliwajua mbega wake kwa migongo. Sura zao hazikumjia hata kidogo. Ungemwekea picha ya uso asingemtambua yeyote. Lakini mgongo ukipita kwenye kioo cha rimoti alitaja mwenyewe papo hapo. Kulikuwa na Bwana Harusi, dume mwenye joho refu la kujivunia. Kulikuwa na Kilema, aliyeruka kwa upande. Na kulikuwa na Mama Chai, jike ambaye weusi wake ulikuwa umefifia katikati ya mabega, ukaacha doa pana la rangi ya chai ya maziwa. Mama Chai alipozaa, na kitoto cheupe pe kikaonekana kinanyanyuka begani kwake kutazama mashine, Afande aliniamuru nisimamishe gari kwenye kibanda cha kwanza tulichokutana nacho, akawanunulia soda watu wote waliokuwa pale, na alipoulizwa kuna nini akasema dada ya mke wake amejifungua. Watu wakampa pongezi. Mmoja alitaka kujua mtoto ni wa kike au wa kiume, naye akasema ngoja, bado hajageuka.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mgumu wa mkono na mwepesi wa kofi. Mwindaji mmoja aliyekamatwa akiwa na mitego alipigwa kofi na Afande mbele yangu hadi akakaa chini bila kupenda, na Jumatatu iliyofuata Afande huyohuyo alinisimamisha sokoni Mbale, akanunua sukari na sabuni, tukapanda mlima hadi kwa mke wa yule mwindaji. Aliviacha mlangoni akaondoka bila kuingia. Nilimwuliza maana yake.

"Kofi ni ya kazi," alisema. "Sukari ni ya mimi."

Na kulikuwa na gunia. Afande mwenyewe ni Mgisu, amecheza barabarani kama wenzake, na ngozi aliyoivaa kichwani siku zake alikuwa bado anayo. Mama alikataa isilale chini ya paa moja naye, na hapo alikuwa na haki, nani analala na ngozi ya ndugu yake? Basi Afande aliileta kwangu Bugembe ndani ya gunia, ikakaa juu ya kabati miaka na miaka. Mara moja moja alikuja bila salamu nyingi, akaiteremsha, akaikung'uta na kuianika juani, akakaa kwenye kigoda karibu yake kama anayelinda mtama usiliwe na kuku. Nilikuwa nikimtania kwamba mlinzi wa mbega anafuga mbega mfu. Aliigeuza ngozi upande wa pili. Utani huo haukumchekesha.

Jambo lililomtia fahari kuliko yote lilikuwa kuwalaza. Asubuhi mbega hupanda juu kabisa ya miti kuota jua, wamejipanga vileleni, na hapo ndipo Afande aliporusha droni awaone. Mashine ilipowakaribia walitoa mngurumo wa ukali, kisha wakatoweka wote kwa pamoja chini ya majani. Kwenye kioo kilibaki kijani kitupu.

"Naona, Dereva?" alisema, macho yanang'aa. "Mimi nafundisha, yeye nasikia. Nalala yote."

Aliamini kwamba wamejifunza kujificha. Tangu hapo, kila alipohofia wawindaji, akisikia mbwa wakibweka bondeni au akiambiwa nyayo zimeonekana kijitoni, aliipandisha droni na kuipitisha chini chini juu ya miti hadi asione hata mkia mmoja. "Ngoja nalaza watoto," alisema. Akaishusha, akamimina chai, akanywa amesimama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunga milango yote ya nyumba yake. Bwana mradi naye alifurahi. Picha za msitu mtulivu zilipendeza wafadhili.

Ulipofika mwaka wa tohara, mdogo wake Afande aliteremka kutoka mlimani hadi Bugembe. Alikuwa mkulima wa vitunguu, mtu wa maneno machache, na mwanawe alikuwa anaingia jandoni msimu huo. Alikuja kuomba ngozi. Kwao ngozi huazimwa ndani ya ukoo. Aliyoivaa baba mkubwa ataivaa kijana, kisha itarudi ndani ya gunia ingoje mwingine. Afande alikuwa kwangu siku hiyo. Alikataa.

"Mimi nalinda hii munyama," alisema, "halafu mutoto yangu nacheza nayo kichwani? Watu nasema nini?"

"Kaka, hiyo ilikufa zamani," alisema mdogo wake. "Haiwezi kufa mara ya pili."

"Avae ngozi ya mbuzi."

Mdogo wake aliondoka bila kugusa chai. Mimi nilimsifu Afande. Nilimwambia amekuwa mfano, na hata leo nikifikiri jinsi jambo lile lilivyoonekana siku ile, sijui mtu mwenye akili angesema nini kingine.

Msimu ukaanza. Ngoma zilisikika hadi kwenye baraza la ofisi ya hifadhi, na kwenye kioo migongo ikaanza kupungua. Afande hakushtuka mara moja. Alisema wamekuwa hodari wa kujificha. Akaongeza kuruka, asubuhi akawalaza, adhuhuri akawalaza, jioni kabla ya jua kuzama akawalaza tena, nami nikashinda nikichaji betri za droni kwenye gari mpaka betri ya gari ikafa. Bwana Harusi hakuonekana. "Analala," alisema Afande. Kilema hakuonekana. "Analala." Halafu ikaja wiki aliyoacha kusema hivyo, akawa anatazama kile kijani kitupu bila kuisemesha mashine hata neno.

Mwindaji mwingine, ndiye aliyetueleza sababu, alikamatwa na askari wa miguu, wale wanaotembea na bunduki za zamani na viatu vilivyopasuka, ambao bwana mradi alikuwa amewapunguza baada ya droni kuja. Walimkuta na upinde, mbwa mmoja mwembamba na ngozi mbichi. Wakamkalisha kwenye benchi la ofisi. Alikuwa mtu mzima, mchangamfu, na alipomwona Afande akiingia aliinuka kidogo kumpa heshima. Nilikuwa mlangoni na nilijua kofi linakuja.

Lakini Afande alitaka kujua kwanza. Alimwuliza kwa Kigisu, kisha kwa Kiswahili ili askari wasikie. Mbega hukaa juu sana. Mishale haifiki huko. Amewapataje?

Yule mtu alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Afande, si wewe nashusha?"

"Nashusha nini?"

Akaeleza, bila kejeli, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo wanalolijua wote wawili. Mbega anaogopa tai kuliko kitu chochote. Tai anatoka juu. Basi mbega akiona kivuli na kusikia mvumo, hapandi, anashuka. Anakuja matawi ya chini kabisa, anakumbatia shina, anakodoa macho juu na hajitikisi. Zamani mwindaji alikuwa anaweza kungoja hadi chakula kimwishie, akarudi nyumbani mikono mitupu.

"Sasa sisi nakaa tu chini ya miti," alisema. "Nangoja ndege yako. Ikilia, mbega nakuja mpaka hapa." Akaonyesha urefu kwa mkono, usawa wa kichwa chake. "Naangalia juu. Yeye hapana angalia sisi. Afande, mulima yote nashukuru wewe. Sisi nasema, huyu ni mutoto ya hapa, anajua ni mwaka ya watoto, ndiyo maana nasaidia."

Nilingoja kofi. Halikuja. Afande alisimama akimtazama yule mtu mdomoni, kana kwamba maneno bado yanatoka. Kisha akasema, taratibu, apewe chai. Akatoka nje, akapita askari waliompigia saluti bila kuwajibu, akafika kwenye gari langu, akafungua mlango na kuingia.

Hakulizunguka. Ndiyo safari moja niliyosema.

Alimpigia bwana mradi kutoka palepale kitini. Alimweleza yote na akamwomba droni isiruke tena. Nilisikia sauti ya upande wa pili, ya kistaarabu, isiyo na haraka. Ilisema maneno ya mwindaji si utafiti. Ilisema wafadhili wameahidiwa ndege kuwa angani kila siku na taarifa ya nusu mwaka iko karibu. Ilisema kama Afande amechoka kuna kijana mzuri Kampala. Afande alisema, "Ndiyo bwana," maana jeshini hujibu hivyo, akakata simu. Kesho yake alimkabidhi rimoti yule kijana, ambaye hakuwa na kosa lolote, akavaa koti lake la mvua na kwenda korongoni kwa miguu.

Alikuwa amefikiri. Kama mbega akiogopa cha juu anashuka, basi akiogopa cha chini atapanda. Akabeba debe bovu na rungu, akaingia chini ya ile miti, akaanza kupiga debe na kunguruma kama chui. Mzee wa magoti yale! Nilimsikia kutoka barabarani nilipoegesha. Na nikaona kwa macho yangu matawi yakitikisika, wachache waliobaki wakipanda vileleni, na nikasema Mungu mkubwa. Kisha nikasikia mvumo nyuma yangu. Kijana alikuwa ameanza zamu yake.

Chini debe liliwapandisha, juu mashine ikawashusha. Walipanda na kushuka kama walioingiwa wazimu, na hatimaye wakakimbilia upande, wakatoka msituni kabisa, wakaangukia kwenye migomba ya watu. Huko kulikuwa na mbwa, na ilikuwa msimu. Afande alitoka korongoni akiwa bado anapiga debe, hajui kwamba juu yake hakuna tena mbega wa kulikimbia. Nililazimika kumshika mkono ndipo akanyamaza.

Wiki hiyo tulikaa Mbale, kwenye chumba alichopanga nyuma ya kinu cha kusaga mahindi katika mtaa wa viwanda. Chakula kilimshinda. Siku ya tatu tukasikia njuga na ngoma zikija barabarani, na umati ukasimama mlangoni kwetu. Alikuwa mtoto wa mdogo wake. Kijana hana budi kuzunguka kwa jamaa zake kabla ya siku yake, na baba mkubwa hana budi kumpaka unga na kumpa neno. Kumnyima ni kumlaani, na hilo hakuna Mgisu anayelifanya, ugomvi uwe mkubwa namna gani. Baba yake alikuwa nyuma, amekunja uso. Wanawake waliipokea ngoma kwa vigelegele. Afande alishika bakuli la unga wa wimbi uliokorogwa, akatoka.

Kijana aliacha kucheza, akapiga goti, akainamisha kichwa. Ngozi ikalala mbele ya Afande, mgongo juu. Ilikuwa mpya. Manyoya meupe bado yanang'aa pembeni, na katikati ya mabega kulikuwa na doa pana la rangi ya chai ya maziwa.

Aliiona kutoka juu, kama alivyomwona siku zote. Mkono wenye unga ukabaki hewani. Mpiga ngoma alipunguza, akidhani kuna jambo la mila, kisha akaacha. Mdogo wake alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, na nadhani alisema kwa Kiswahili ili watu wasielewe haraka:

"Ulimunyima ya zamani, kaka. Mimi ningefanya nini?"

Afande aliweka mkono juu ya lile doa. Alilipapasa kuelekea mkiani, mara moja, kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake, na kumbukeni kwamba hakuwahi kumgusa Mama Chai hata siku moja. Halafu akampaka kijana unga mashavuni na kifuani, akamwambia kwa Kigisu asimame imara, asiwaaibishe. Kijana akapiga ukelele wa furaha, ngoma zikaanza upya, wakaondoka na vumbi lao. Sisi tulibaki mlangoni. Mzee alikuwa analia bila kujifuta, unga unamkauka vidoleni.

"Ningetoa gunia, Dereva," alisema. "Ningetoa tu ile gunia."

Nilimrudisha Walukuba. Njia nzima sikufungua redio. Mama alikuwa mlangoni anajifuta mikono. Akauliza kama alivyouliza kila Ijumaa, "Ndugu zangu hawajambo?" na Afande akasimama mbele yake na kofia mkononi. Sikuwahi kumsikia akisema Kiganda, nilikuwa nadhani hakijui kabisa.

"Baweddewo," alimwambia. Wamekwisha.

Mama alimshika mkono, akamwingiza ndani na kufunga mlango. Nikageuza gari.

Tangu hapo hakurudi mlimani. Droni bado inaruka, nasikia, na picha za msitu mtulivu bado zinakwenda kwa wafadhili. Gunia liko juu ya kabati langu, hajaja kulianika tena. Nimekuwa nikimtembelea mara kwa mara, tunakaa, namsimulia habari za barabara, na yeye anasema "ndiyo, Dereva," akitazama sakafu.

Mara ya mwisho nilimwona kwenye arusi ya binti wa jirani yao, palepale Walukuba. Waliweka mahema uwanjani kati ya zile nyumba za zamani za wafanyakazi, pilau inanukia, watoto wamevaa viatu vinavyowabana. Afande na Mama walipewa viti vya mbele. Nywele zake zote zilikuwa zimekuwa nyeupe. Nilikaa karibu naye, na kwa kitambo nilifurahi kuona kwamba anakula, tena ameketi.

Kisha mpiga picha akatoa mashine yake. Siku hizi hakuna arusi bila droni. Ilipanda ikivuma juu ya mahema na mtangazaji akapiga kelele kwenye kipaza sauti, "Wageni wetu, angalieni juu, pungeni mikono!" Wote wakaangalia juu. Bibi arusi, wazee, wapishi na miko yao, watoto; wote vichwa nyuma, midomo wazi, wanapunga na kucheka.

Afande aliweka sahani chini akasimama. Akaanza kutembea nyuma ya viti, ameinama, akichungulia. Nikamfuata. Alitazama chini ya meza ya vyakula. Alitazama nyuma ya tangi la maji, akaachanisha majani ya ua kwa mikono miwili akachungulia upande wa pili. Niligeuka nikamwona Mama kitini pake, yeye pia haangalii juu, anatutazama sisi.

"Afande, unatafuta nini?"

"Wao naangalia juu," alisema, anapumua kwa shida. "Chini naangalia nani?"

Nilimshika kiwiko tukauzunguka uwanja wote, ua kwa ua, hadi mashine ikashuka na watu wakarudi kwenye pilau yao. Alikuwa anatetemeka mikono, ile mikono iliyompatia kazi. Akaniomba nimpeleke nyumbani, ingawa nyumbani kwake kulikuwa palepale, milango michache mbele. Nikamwambia sawa, twende na gari.

Tulipofika kwenye gari alisimama karibu na gurudumu la mbele, akajaribu kuinama, magoti yakakataa. Akajaribu tena. Kisha akanigeukia.

"Dereva, angalia chini."

Nilipiga magoti kwenye vumbi na suruali yangu ya arusi, nikachungulia uvunguni, gurudumu la kwanza, la pili, nikazunguka lote, nikatazama vizuri kama alivyokuwa akitazama yeye. Nikainuka nikamwambia hakuna kitu, Afande. Hakuniamini.